Diski yenye biashara yako isifutwe: windo mpya weka kwenye diski ya pili

Inboksi imejaa swali moja kwa sura tofauti. "Laptopu imekuwa nzito hadi natamani kuitupa." "Inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho." "Fundi kasema nipeleke apige windo upya, nimpe?" Jibu fupi: kupiga windo upya ni sawa, ila swali la kumuuliza fundi ni moja, anaipiga WAPI? Leo naandika kirefu. Kama uko kwenye foleni au kwenye basi la kwenda Mbeya, una muda, soma taratibu.

Tuanze na hiyo Windows 10. Ilitoka mwaka 2015, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hii haina maana mashine inazima. Itawaka kama kawaida, Excel itafunguka, Canva itafunguka. Kilichokatika ni masasisho ya usalama, yaani yale marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayatafuta kila siku. Sasa fikiria sisi. Mashine hiyo hiyo ndiyo unafungulia akaunti ya Instagram ya biashara, barua pepe, ukurasa wa TRA na taarifa za lipa namba. Na mashine hiyo hiyo ndiyo unachomeka flashi iliyotoka steshenari ikiwa imejaa virusi. Mtu akiingia humo, haibi laptopu, anaiba ukurasa wako wenye wateja wa miaka mitatu.

Kuna nafasi ya kupumua kidogo. Kwa watumiaji wa kawaida Microsoft wanatoa masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kuyapata bila kulipa kama Windows 10 yako ni toleo la 22H2, umeingia kwa akaunti ya Microsoft na umeruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, utaona mwaliko wa kujiunga. Jiunge leo, halafu endelea kusoma, maana hiyo ni dawa ya kutuliza tu.

Kuhamia Windows 11 ndiyo njia ya kawaida, lakini huku kwetu kuna kikwazo. Laptopu nyingi zinazouzwa Tunduma, Mlowo na Vwawa ni mtumba wa maofisi ya Ulaya na Marekani: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E5470, Lenovo ThinkPad T460 na ndugu zao. Mashine ngumu, mimi nazipenda. Ila hizo tatu zina prosesa za Intel za kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kujua kizazi chako ni rahisi. Angalia jina la prosesa: i5-6300U, namba inayofuata kistari ni 6, hicho ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. i5-10210U ni cha 10.

Kama yako ni ya 8 kwenda juu, piga Windows 11 bila wasiwasi. Kama ni ya 6 au ya 7 kurudi chini, mafundi watakwambia wana njia ya kuilazimisha, na kweli ipo, programu ya Rufus inaondoa hicho kikwazo kwa kubofya mara moja. Tatizo ni kwamba Microsoft wenyewe wanasema mashine iliyolazimishwa haina haki ya kupata masasisho. Sasa umekimbia Windows 10 kwa sababu ya masasisho, halafu unaenda kukaa sehemu ambayo masasisho ni bahati nasibu? Kwa mashine ya kuangalia filamu, sawa. Kwa mashine ya biashara mimi sipendekezi.

Njia ya pili kwa hizo mashine ni Linux Mint. Najua jina linatisha watu, wanadhani ni ya wahandisi. Si kweli. Ni ya bure, haina cha kukraki, sura yake inafanana na Windows za zamani, na inakimbia vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Toleo la Mint 22 litahudumiwa hadi mwaka 2029. Ndani inakuja na LibreOffice inayofungua faili zako za Excel. Canva, WhatsApp ya kompyuta, Instagram, ukurasa wa TRA, vyote hivyo unavitumia kwenye kivinjari, kwa hiyo havijali uko kwenye mfumo gani. Ambao haiwafai ni wanaotegemea Photoshop au CorelDRAW, na wenye printa za stika au programu za risiti zilizotengenezwa kwa Windows pekee. Hao watafute mashine ya kizazi cha 8. Wengine wote, yaani asilimia kubwa ya wanaosoma hapa, wangeweza kuhama kesho wasijute.

Sasa kwa nini nang'ang'ania diski ya pili?

Kuna dada mmoja jirani yangu anauza vitenge. Anachukua mzigo Nakonde, anapiga picha, anaweka stetasi, anatuma kwa mabasi hadi Dodoma. Laptopu yake ilikuwa nzito, akampelekea fundi. Fundi akauliza, "Kuna vitu vya muhimu humu?" Dada akasema picha tu za kwenye Desktop. Fundi akanakili Desktop kwenye flashi, akafuta diski nzima, akapiga windo. Mashine ikarudi nyepesi kama mpya. Jioni dada anatafuta daftari lake la Excel lenye wateja wanaodaiwa, bei alizonunulia kwa kwacha na kiwango cha kubadilisha cha siku ile, halipo. Lilikuwa limehifadhiwa kwenye folda nyingine, tena jina la faili lilikuwa "Book1". Fundi hakudanganya, alihifadhi alichoambiwa. Lakini nani anaweza kukumbuka, akiwa amesimama kwenye fremu ya fundi na wateja wengine wanasubiri, kila kitu alichohifadhi kwa miaka minne? Aliishia kuwapigia wateja mmoja mmoja kuuliza, "Samahani ndugu, hivi nakudai?" Baadhi walikumbuka. Wengine ghafla walikuwa hawadaiwi.

Na daftari si la madeni tu. Sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5. Ofisa akija kuuliza mauzo ya mwaka juzi, "fundi alipiga windo" sio jibu.

Ndiyo maana nasema: diski ya zamani iache ilivyo. Nunua SSD mpya, mfumo mpya uwekwe humo, ya zamani ibaki na kila kitu chake. Hata ile faili uliyoisahau itakusubiri. Na faida nyingine: kama diski yako ya sasa ni ile ya kuzunguka, uzito wa laptopu huenda hautokani na windo kabisa, unatokana na hiyo diski. SSD peke yake inaweza kuifanya mashine ya 2016 iwake ndani ya sekunde chache. Nimeona watu wanataka kununua laptopu nyingine wakati walichohitaji ni SSD ya GB 256.

Kabla ya kununua, fungua mfuniko wa chini uangalie, au mwambie fundi aufungue ukiwa umesimama hapo. Kuna hali tatu. Kwanza, mashine ina nafasi mbili. EliteBook 840 G3 kwa mfano ina sehemu ya diski ya kawaida ya inchi 2.5 na tundu dogo la SSD nyembamba kama bazoka, ile ya M.2. Hapo umepata, zote zinakaa ndani. Kompyuta ya mezani nayo mara nyingi ina nafasi, unahitaji waya wa SATA na waya wa umeme tu. Pili, mashine ina nafasi moja ila ina sehemu ya kuchezea DVD. Unaweza kutoa hiyo DVD, maana ni nani anaitumia siku hizi, ukaweka kifremu cha kubebea diski. Vifremu viko vya unene wa milimita 9.5 na 12.7, pima kwanza, vinginevyo utarudi dukani. Tatu, nafasi ni moja basi. Hapo SSD mpya inaingia ndani, ya zamani unaiweka kwenye kikasha cha USB na kuichomeka nje kama flashi kubwa. Usigeuze ukaweka mpya nje, Windows inakataa kusakinishwa kwenye diski ya USB.

Hizo za M.2 zina aina mbili zinazofanana kwa macho, SATA na NVMe, na si kila tundu linakubali zote. Piga picha tundu lako na maandishi ya mfano wa laptopu, mpelekee muuzaji. Na jihadhari na flashi na diski za nje za "TB 2" zinazouzwa bei ya chipsi kuku. Nyingi ni feki, ndani kuna GB 32 au 64 zimedanganywa ziseme ni TB 2, ukizidisha picha zinakufa kimyakimya. Programu ya bure iitwayo H2testw inaijaza na kuisoma tena, itakwambia ukweli. Bei siandiki, zinabadilika kila mzigo ukishuka kutoka Dar.

Ukishapata diski, usikimbilie bisibisi. Kuna kazi ya kufanya ukiwa bado kwenye mfumo wa zamani, na hii ndiyo sehemu wengi wanairuka.

Daftari la mauzo na madeni linakili kwenye kitu cha tatu, flashi au Google Drive. Ndiyo, hata kama diski ya zamani haitaguswa. Diski inaweza kuanguka mezani wakati unaitoa. Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome hakikisha zimeungana na akaunti yako ya Google, au zitoe kama faili, uihamishe, kisha uifute. Kama Instagram au barua pepe inataka namba ya uthibitisho, jaribu kuipokea kwenye simu yako sasa hivi, usije ukagundua namba iliyosajiliwa ni ya laini uliyoipoteza zamani. WhatsApp ya kompyuta haina shida, mazungumzo yako kwenye simu, utaiunganisha tena.

Halafu angalia kama diski imefungwa na BitLocker. Laptopu za miaka ya karibuni zinajifunga zenyewe bila kukuuliza. Siku utakapoiweka diski ile kwenye kikasha cha USB itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa Tunduma wala wa Tokyo atakayeifungua. Ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Tafuta, andika kwenye karatasi. Kama hujui akaunti hiyo ni ya nani, basi ondoa huo ufungaji kwanza kupitia mipangilio, subiri umalize, ndio uendelee. Na wanaoweka Mint wazime ile huduma ya Windows ya kuwaka haraka, maana inaiacha diski kama mtu aliyelala jicho moja wazi, Mint itaweza kuisoma tu bila kuandika.

Kisha andaa flashi ya kusakinishia. Iwe ya GB 8 au zaidi, mimi nachukua 16, na ujue itafutwa yote. Mfumo wenyewe pakua kwa wenye mali: Windows kutoka microsoft.com, Mint kutoka linuxmint.com. Zile "windo 11 zimeshakrakiwa" zinazozunguka kwenye flashi za mafundi achana nazo. Hujui aliyeikraki aliweka nini ndani, na wewe utaenda kuandika nywila ya biashara humo. Tena mara nyingi huna haja. Kama Windows 10 yako ilikuwa na leseni halali, leseni hiyo imeshikamana na mazabodi, ukisakinisha Windows 11 ya daraja lile lile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti.

Hapo kwenye kupakua kuna kitu cha watu wa mpakani. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, la Mint ni karibu GB 3. Ukiwasha hotispoti ukiwa mitaa ya karibu na mpaka, simu inaweza kurukia mtandao wa Zambia bila wewe kujua, na bando lako la Tanzania huko halihesabiki. Ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wako kwa mkono, zima matumizi ya data ukiwa nje ya nchi. Au nenda Mpemba upakue kwa amani.

Sasa bisibisi. Zima mashine kabisa, chomoa chaji, kama betri inatoka itoe. Weka SSD mpya. Halafu, na hapa ndipo nataka unisikilize, CHOMOA DISKI YA ZAMANI. Usiiache ndani ukajiambia utachagua vizuri kwenye skrini. Chomoa uiweke kwenye bahasha, uandike tarehe.

Sababu ya kwanza unaijua: kwenye skrini ya kusakinisha diski hazina majina unayoyafahamu. Utaona Disk 0 na Disk 1, basi. Hakuna panapoandikwa "hii ndiyo yenye madeni ya vitenge." Ukubwa nao unachanganya, maana diski ya GB 256 inaonyesha kama 238, na ya GB 500 inaonyesha kama 465. Ukiwa na diski mbili za GB 500, utabahatisha?

Sababu ya pili wengi hawaijui, hata mafundi wengine. Kila diski yenye mfumo ina kipande kidogo cha mwanzo kinachoiambia kompyuta pa kuanzia kuwaka. Kisakinishi cha Windows kikikuta kipande hicho tayari kipo kwenye diski ya zamani, kinaweza kuweka faili za kuwashia huko huko badala ya kwenye diski mpya. Kila kitu kinaenda vizuri, unafurahi. Miezi mitatu baadaye unatoa diski ya zamani umpe mdogo wako, mashine inagoma kuwaka! SSD yako ni nzima, ila ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye diski uliyoitoa. Kisakinishi cha Mint nacho kina tabia hiyo hiyo. Diski ya zamani ikiwa kwenye bahasha, hilo haliwezekani.

Na sababu ya tatu ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi na betri ni ya mtumba isiyokaa hata dakika kumi, kilichoharibika ni usakinishaji ulioanza nusu saa iliyopita. Unaanza upya, hakuna kilichopotea.

Chomeka flashi, washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. HP ni F9, Dell na ThinkPad ni F12. Flashi inaweza kuonekana mara mbili kwenye orodha, chagua ile yenye neno UEFI. Usipofanya hivyo, baadaye kisakinishi kinaweza kukwambia diski ina mpangilio wa GPT haiwezi kutumika, na watu hapo ndipo wanaanza kulaani SSD ya muuzaji. Kwenye kuchagua diski utaona moja tu, tupu. Ichague, bofya endelea, nenda kanywe chai. Huna haja ya kuigawa vipande C na D kama tulivyozoea zamani.

Windows 11 mwishoni itataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Kama haioni Wi-Fi kwa sababu draiva haipo, chomeka simu kwa waya wa chaji na uwashe huduma ya kushiriki intaneti kwa USB, mara nyingi inakubali papo hapo. Akaunti iwe yako, sio ya fundi! Narudia, sio ya fundi. Ufunguo wa BitLocker utahifadhiwa humo.

Kuna jambo moja linaweza kukushtua hapa. Laptopu ya mtumba ikishaunganishwa intaneti inaweza kukuletea jina la kampuni usiyoijua ikikudai barua pepe ya kazini. Maana yake mashine bado iko kwenye orodha ya kampuni ya zamani, hawakuiondoa walipoiuza. Mrudishie muuzaji, hilo ni lake. Wanaotaka kununua laptopu ya mtumba, ombeni iwashwe mwanzo kabisa mbele yenu ikiwa na intaneti, na ingieni BIOS muone kama ina nywila. Muuzaji mkweli hatakataa.

Mfumo ukishawaka na umeuona umetulia, zima, rudisha diski ya zamani au ichomeke kwa USB. Mashine ikikaidi ikawaka kwa mfumo wa zamani, ingia BIOS, kwa HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1, uiweke SSD mpya iwe ya kwanza. Ndani ya Windows diski ya zamani itaonekana kama D au E. Faili zako ziko kwenye folda ya Users, ndani ya jina lako la zamani. Ikisema huna ruhusa bofya kuendelea, inachukua muda kidogo kisha inafunguka. Hamisha unachohitaji kwa kunakili, sio kwa kukata. Programu za zamani hazihami kwa kunakiliwa, utaziweka upya.

Walioweka Mint na bado wanaingia Windows ya zamani mara moja moja wataona kioja: saa ya Windows iko nyuma kwa masaa 3. Mashine haijaharibika. Mint inaiweka saa ya ndani kwa muda wa dunia wa UTC, Windows inadhani hiyo ni saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa 3. Fungua sehemu ya amri kwenye Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, kwisha. Ila kama tofauti ni saa moja tu, hiyo ni Nakonde. Zambia wako nyuma yetu saa moja, na kompyuta inayojipangia saa za eneo yenyewe inaweza kudhani uko ng'ambo. Chagua Nairobi kwa mkono kwenye Windows, au Dar es Salaam kwenye Mint. Usipuuze, oda ya saa 6:40 usiku ikiandikwa tarehe isiyo yake, mahesabu ya mwisho wa mwezi yanakusumbua.

Kwa yule ambaye anasoma hapa akiwa amechelewa, diski imeshafutwa. Acha kutumia mashine SASA. Usipakue kitu, usiweke hata antivirusi. Kama diski ni ile ya kuzunguka na ilifomatiwa kwa haraka, faili bado zinaweza kuwepo hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Itoe, iunganishe kwenye mashine nyingine, tumia PhotoRec ambayo ni ya bure, na unachokipata kihifadhi kwenye diski tofauti. Majina ya faili yatapotea, utafungua moja moja. Kama ilikuwa SSD uwezekano ni mdogo sana, kwa sababu SSD zinajisafisha zenyewe baada ya kufutwa.

Diski ya zamani kaa nayo hadi umalize mwezi wa mahesabu kwenye mfumo mpya, ndipo utajua ulichosahau. Baada ya hapo inaweza kuwa ghala la nakala zako. Ukiamua kuiuza, kumbuka ndani kuna majina, namba za simu na anwani za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu hata kama duka lako ni stetasi tu. Diski ya kuzunguka ifomati kwa njia kamili, toa tiki kwenye neno Quick, iache usiku kucha. SSD tumia kifutio kilicho ndani ya BIOS, HP na Dell nyingi za ofisi wanacho. Kitakuuliza diski gani, kwa hiyo siku hiyo ile mpya ndiyo inayokaa kwenye bahasha.